Kufundisha Hifadhi ya Joto kwa Mabaki ya Viwanda: Majivu, Mavi ya Chuma na Kauri

Katika shule zetu nyingi mada ya joto huanza na kumalizika kwa swali moja: joto husafirije? Mwanafunzi hujifunza kwamba kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji wa moto huunguza mkono, kwamba hewa iliyopata moto hupanda juu, na kwamba jua hutufikishia joto lake bila kugusana nasi. Hayo ni mema. Lakini swali la pili, ambalo katika maisha ya mwanakijiji ni kubwa kuliko la kwanza, huachwa kando: joto likisha kufika mahali hukaaje humo, na kwa muda gani? Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi atakayekwenda mazoezini kulifundisha swali hilo katika darasa la tano au la sita, na kulifundisha kwa kutumia vitu ambavyo viwanda na karakana huvitupa.

Tuchukue Vugiri kuwa mfano wetu wa mahali, kwa kuwa baadhi ya wasomaji watapangiwa shule za milimani katika Wilaya ya Korogwe. Huko juu, kwenye Usambara ya Magharibi, yako mashamba ya chai. Chini kwenye tambarare za Mto Pangani yako makonge. Kila zao lina kiwanda chake, na kila kiwanda kina uchafu wake. Konge hutoa nyuzi chache mno, asilimia chache tu za uzito wa jani. Yote yaliyosalia ni maji na makapi. Makapi hayo ni mabichi, hayafai kuingia katika tanuru, na ndiyo maana huko Hale, katika miaka ya 2000, yalitafutiwa njia nyingine, nayo ni kuvundishwa ili yatoe gesi ya kuzalishia umeme. Chai ni habari tofauti. Jani la chai haliwi chai ya kunywewa mpaka linyaushwe, lisagwe, liachwe ligeuke rangi, kisha likaushwe kwa hewa ya moto. Na hewa hiyo katika milima yetu imepatikana kwa miaka mingi kwa kuchoma kuni, hasa mikaratusi iliyopandwa kwa kusudi hilo. Kinachobaki baada ya kuni ni majivu, lori kwa lori. Tukiongeza vipande vya matofali yaliyovunjika katika matanuru ya vijiji, pumba za mbao kutoka kwa maseremala, na yale madonge meusi mazito ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma, mwalimu ana ghala la zana za kufundishia ambalo halimgharimu hata senti moja.

Kabla ya kugusa zana hizo, hata hivyo, mwalimu mwenyewe hana budi kuwa na fikra iliyo wazi juu ya jambo moja, kwani hapa ndipo masomo mengi yanapokwama. Kuhifadhi joto si sawa na kulizuia joto lisitoke. Blanketi halina joto lake. Huzuia tu joto la mwili lisikimbie. Jiwe la figa, kinyume chake, limelimeza joto ndani yake, na moto ukizimwa saa tatu usiku bado litamuunguza mtoto atakayelikalia. Kitu chepesi chenye hewa nyingi ndani yake, kama sufi, pumba au majivu makavu yaliyolegea, ni blanketi. Kitu kizito kilichoshikamana, kama jiwe, kigae au mavi ya chuma, ni ghala. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini wali hukaa na moto katika chungu kuliko katika sufuria ya aluminiamu atajibu, “Kwa sababu chungu huhifadhi joto.” Jibu hilo ni nusu. Chungu ni kinene na kizito kuliko sufuria, kwa hiyo kimemeza joto jingi; na tena udongo hupitisha joto polepole, kwa hiyo joto hilo halikimbii upesi. Ghala na blanketi vimekutana katika chombo kimoja. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili atawachanganya watoto, nao watabaki hivyo mpaka sekondari.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu mada hii hugeuka hadithi. Kilo moja ya maji ikipandishwa nyuzi moja ya sentigredi humeza kilojuli 4.2 za joto. Kilo moja ya tofali lililochomwa humeza kilojuli 0.8 hivi, na kilo moja ya chuma 0.45 tu. Kwa kipimo hicho maji ni bingwa, na mwanafunzi mwerevu atauliza papo hapo: kwa nini basi tuhangaike na udongo? Swali hilo lipongezwe. Jibu ni kwamba maji huchemka. Yakifika nyuzi 100 huwa mvuke na kututoroka, isipokuwa tuyafungie katika chombo cha chuma kinene chenye kuhimili kani, kitu cha gharama na cha hatari. Kauri haichemki. Inaweza kupelekwa nyuzi 800, hata 1,000, ikakaa imetulia kama jiwe.

Chukua meta moja ya ujazo ya maji, uyapandishe kutoka nyuzi 20 mpaka 90: yamemeza megajuli 294. Chukua meta moja ya ujazo ya kauri nzito yenye uzito wa kilo 3,100, inayomeza kilojuli 0.9 kwa kila kilo na kila nyuzi, uipandishe kutoka nyuzi 100 mpaka 800: imemeza megajuli 1,953. Ni zaidi ya mara sita. Ukikadiria kwamba kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa megajuli 15 hivi, donge hilo moja limebeba joto la kilo 130 za kuni. Mwalimu wa hisabati anaweza kuyafanya haya kuwa zoezi la kuzidisha na kugawanya, nami naona litakuwa zoezi zuri kuliko yale ya matenki yanayojazwa na bomba moja huku yakivuja kwa jingine.

Kauri niliyoitaja katika hesabu hiyo si ya kubuni. Huko Ufaransa, katika mji wa Morcenx, kampuni ya Inertam ilianzisha kazi ya kuziyeyusha taka za asbesto kwa moto wa plasma, ambao ni mkali kupita ule wa tanuru la kawaida. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Mtu akizivuta pamoja na hewa hukaa katika mapafu na huweza kumletea saratani baada ya miaka mingi. Madini hayo yakiyeyushwa katika nyuzi zaidi ya 1,400 zile nyuzi zake hupotea kabisa, na kinachobaki baada ya kupoa ni jiwe jeusi lisilo na madhara, lililopewa jina la Cofalit. Mwanzoni jiwe hilo lilitumika kujazia barabara. Baadaye watafiti wa maabara ya PROMES, ambayo ina lile tanuri kubwa la jua la Odeillo katika milima ya Pirenei, wakalitazama kwa jicho jingine. Walikuwa wakitafuta kitu cha bei ndogo cha kuhifadhia joto la jua la mchana ili mitambo ya umeme ifanye kazi usiku. Wakati huo mitambo mingi ya namna hiyo ilitumia chumvi zilizoyeyushwa, ambazo ni ghali na ambazo huharibika zikipita nyuzi 560 hivi. Walilipasha moto lile jiwe la taka na kulipoza, wakarudia mara nyingi, wakaona linafika nyuzi 1,000 bila kuvunjika. Kazi kama hiyo imefanywa pia kwa mabaki ya viwanda vya chuma na kwa majivu ya makaa ya mawe, na mwaka 2014 ilianzishwa huko huko Ufaransa kampuni ya Eco-Tech Ceram, ili kutumia kauri za namna hiyo kunasa joto linalopotea katika mabomba ya moshi ya viwanda.

Kwa nini taka za viwanda zifae kwa kazi hiyo? Kwa sababu majivu, mavi ya chuma na asbesto, ijapokuwa havifanani kwa sura, vyote vina silika, chokaa, alumina, magnesia na kutu ya chuma kwa viwango mbalimbali. Hivyo ndivyo vitu vile vile vinavyounda udongo na miamba. Kiwanda kimekwisha kuondoa kinachoungua; kilichobaki ni kile ambacho moto haukukiweza. Kitu kilichokwisha kuushinda moto mara moja ndicho cha kukirudisha motoni.

Hapa ni lazima nisimame na kutoa onyo, nalo mwalimu alizingatie kuliko yote mengine katika makala haya. Majengo mengi ya umma katika nchi yetu, zikiwamo shule na nyumba za walimu, yaliezekwa katika karne iliyopita kwa mabati ya asbesto: yale ya kijivu, mazito, yanayovunjika kama kigae. Bati likiwa zima juu ya paa hatari yake ni ndogo. Hatari huja linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au kusagwa, maana hapo vumbi lake hupeperuka. Haifai kabisa mwalimu aliyesoma habari za Morcenx awaambie watoto wakusanye vipande vya paa la zamani wavitwange ili wavitie katika udongo. Tanuru letu la kijiji halifikishi moto wa kuiyeyusha asbesto, na kazi ya kuitwanga peke yake yatosha kuleta maafa yatakayoonekana baada ya miaka ishirini au thelathini, mwalimu akiwa amekwisha kustaafu. Vipande vya namna hiyo vikionekana uwanjani, watoto wasivichezee wala wasivifagie vikiwa vikavu. Vinyunyiziwe maji, watoto wazuiwe wasisogee, na mwalimu mkuu atoe taarifa kwa afisa afya. Wanafunzi wa darasa la sita wana haki ya kuelezwa sababu, kwani ndio wanaotumwa kufagia.

Tukirudi darasani, jaribio la kwanza ni la kulinganisha maghala. Mwalimu atafute vitu vitatu vyenye uzito sawa, nusu kilo kila kimoja: kipande cha chuma, jiwe gumu la mtoni, na vipande vya sahani za kauri zilizovunjika. Vitu hivyo vifungwe kwa uzi, vitumbukizwe katika sufuria ya maji yanayochemka, vikae humo dakika kumi na tano. Katika shule za milimani mwalimu asishangae kipimajoto kikigoma kufika 100. Mahali penye mwinuko wa meta 1,000 maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na hilo ni somo jingine zuri la siku nyingine. Baadaye kila kitu kitolewe upesi, kipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kutiwa katika chombo chake chenye lita moja ya maji baridi ambayo jotoridi lake limekwisha kuandikwa ubaoni. Watoto wakoroge taratibu na kusoma kipimajoto mpaka kisimame. Ikiwa maji baridi yalikuwa nyuzi 20, chuma kitayapandisha kwa nyuzi 4 hivi, na jiwe au kauri kwa nyuzi 6 au 7. Darasa zima litashangaa, kwa kuwa wote walidhani chuma, ambacho huunguza mkono kuliko vyote, ndicho chenye joto jingi. Huo ndio wakati wa kufundisha. Chuma huunguza kwa sababu hulitoa joto lake haraka, wala si kwa sababu kimebeba jingi. Wanafunzi waachwe wabishane kwanza. Mwalimu asiwahi kulisema jibu.

Ziko shule zisizo na kipimajoto. Kidole cha mtoto hakiwezi kutofautisha nyuzi 24 na 27 kwa uhakika, lakini mikono miwili ikitiwa kwa wakati mmoja katika vyombo viwili huweza. Watoto kumi wakijaribu na wanane wakaelekeza chombo kimoja, darasa limepata ushahidi, na pia limejifunza kwamba shahidi mmoja hatoshi.

Nimetaja sahani za kauri na si tofali, na mwalimu ajue sababu, maana vitabu vingi huagiza tofali bila kueleza mtego wake. Tofali la kijiji hunywa maji. Nusu kilo ya tofali huweza kunywa gramu 75 au zaidi ndani ya sufuria, na maji hayo ya moto huchukuliwa pamoja nalo hadi kwenye chombo cha maji baridi. Kwa kuwa maji ni bingwa wa kumeza joto, tofali litaonekana limeyapandisha maji baridi kwa nyuzi 11 badala ya 7, na darasa litaondoka likiamini kwamba udongo ni ghala la ajabu. Mwalimu mwenye bidii huweza kulitumia kosa hilo kwa makusudi: alipime tofali kabla na baada ya kuchemshwa, awaulize watoto uzito ulioongezeka umetoka wapi, na ni nani aliyelibeba lile joto la ziada. Nionavyo mimi, kipindi kinachotumika kutafuta sababu ya matokeo yasiyotarajiwa kinafaa kuliko vipindi viwili ambamo kila kitu kimekwenda kama kitabu kilivyosema.

Jaribio la pili huchukua majuma, na linahitaji urafiki na wafyatuaji wa matofali wa kijijini pamoja na wafinyanzi. Wafinyanzi, ambao katika Usambara kwa desturi ni wanawake, wanaujua udongo wao kuliko mwalimu. Mmoja wao akikubali kuja shuleni akaribishwe kwa heshima kama mgeni wa somo, na mwalimu akae chini pamoja na darasa. Wanafunzi wachekeche majivu ya kiwandani, wayachanganye na udongo wa bondeni kwa kipimo cha kibaba kimoja: fungu la kwanza lisiwe na majivu, la pili liwe na kibaba kimoja cha majivu kwa tisa vya udongo, la tatu viwili kwa vinane, la nne vinne kwa sita. Fungu la tano lichanganywe na pumba za mbao badala ya majivu. Kila tofali dogo lichorwe mistari ya kulitambulisha, likaushwe kivulini, kisha lipelekwe katika tanuru la kijiji kuchomwa pamoja na mengine. Majivu yaliyoloana huchubua mikono na ni mabaya kwa macho, kwa hiyo kazi ya kuchanganya ifanywe kwa vijiti, na maji ya kunawia yawe karibu.

Sitaandika hapa matokeo ya kila fungu, kwa kuwa udongo wa kila bonde una tabia yake. Lakini mwalimu atarajie mambo haya. Magadi na chokaa vilivyomo katika majivu husaidia udongo kuyeyuka kidogo na kushikana katika moto mdogo. Basi majivu machache huweza kuliimarisha tofali, na mengi huweza kulipinda au kuliacha likitoa unga mweupe juu yake. Pumba huungua zote ndani ya tanuru na kuacha matundu, hivyo tofali la tano litatoka jepesi. Hapo mwalimu aulize: lipi kati ya haya ni ghala, na lipi ni blanketi? Mafundi wa majiko ya mkaa yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, na baadaye hapa kwetu, walikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Jiko lao lina kauri ndani na bati la mapipa makuukuu nje, tena baadhi ya mafundi hujaza kati ya hivyo viwili mchanganyiko mwepesi wenye majivu. Kauri hushika moto. Mchanganyiko huzuia usitoroke. Jiko moja likipasuliwa katikati na kuletwa darasani hueleza mambo kuliko mchoro wa ubaoni.

Kwa darasa la saba, au kwa wanafunzi wepesi, mwalimu anaweza kuongeza kipande cha historia. Mwaka 1857 Mwingereza Edward Alfred Cowper alipata hataza ya jiko la matofali la viwanda vya chuma: moshi wa moto ulipitishwa kwanza katikati ya matofali mpaka yakashiba joto, kisha ikapitishwa hewa baridi, nayo ikatoka ikiwa ya moto kwenda kwenye tanuru. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba mafundi wa Kihaya, kule magharibi mwa Ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuru ambazo kewa zake za udongo ziliingizwa ndani kabisa ya moto, hivi kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa joto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba ufundi huo una umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wataalamu wengine waliipinga hoja ya hewa kupashwa joto, na ubishi huo haukuisha upesi. Mwalimu asiufiche. Awape wanafunzi kipande cha bomba la udongo, moto wa mkaa na mvukuto, wajaribu kama hewa inayotoka upande wa pili ni ya moto au la, wakiwa wamekaa mbali na cheche na ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Matofali madogo ya majaribio yasitupwe somo likisha. Yaandikwe tarehe na uzito, yapangwe juu ya kabati, na darasa litakalofuata lianze kwa kuyapima upya baada ya masika, ili lione lipi limenywa unyevu wa ukungu wa Vugiri na lipi limekataa.